Wapenzi Wanaopimana Ndimi

Tamthilia za ucheshi za kale, zile alizozitunga Menander wa Athens na ambazo Plautus na Terence wa Roma walizichota baada yake, aghalabu zilijengwa juu ya kizuizi kimoja: kijana amempenda binti, na baba, ama kwa tamaa ya mali ama kwa ukaidi wa uzee, amesimama mlangoni akikataza. Kisa kizima kilikuwa ni namna ya kumzunguka mzee huyo kwa hila za watumwa werevu, hata mwisho ikapatikana harusi na karamu, na watazamaji wakaenda zao wakiwa radhi. Iko aina nyingine ya kichekesho cha mahaba, iliyokawia kuzaliwa lakini ikajaaliwa umri mrefu, ambayo ndani yake baba hana kazi kubwa, kwa sababu wapenzi wenyewe ndio kizuizi. Kila mmoja wao amekwisha kumpenda mwenziwe, au yu karibu kumpenda; walakini hakuna aliye tayari kuwa wa kwanza kutamka, maadamu atamkaye kwanza huhesabiwa kuwa ameshindwa. Mtazamaji hana shaka kwamba wataoana, kwa kuwa sura zao zimechorwa pamoja katika tangazo lililobandikwa nje ya sinema. Anacholipia kiingilio ni kujua nani atamwinamia nani, baada ya vishindo gani, na kwa masharti ya nani.

Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, na vichekesho hivi vimekuwa kwa zaidi ya miaka 400 vikijitahidi kuukanusha usemi huo. Havifaulu sikuzote. Rai yangu ni kwamba mashindano ya wapenzi huchekesha pale tu washindani wanapokuwa na silaha za namna moja, na silaha iliyo bora kuliko zote kwa kazi hiyo ni ulimi. Mmoja akiwa na funguo za ghala na mwenziwe akiwa na njaa, hapo hapana mchezo tena. Na wote wawili wakiuacha ulimi wakashika ghiliba, mchezo upo, lakini utamu wake umepungua.

Shakespeare alilijaribu jambo hili kwa njia mbili. Katika The Taming of the Shrew, aliyoiandika mwanzoni mwa miaka ya 1590, Baptista, tajiri wa Padua, ana mabinti wawili, naye ameshika neno kwamba mdogo, Bianca, mwenye wachumba tele, hataozwa mpaka mkubwa, Katherina, mwenye ulimi mkali, apate mume. Anatokea Petruchio wa Verona, ambaye atafuta mke mwenye mali wala haoni haya kulisema, na amposa Katherina. Majibizano yao ya kwanza yanapendeza mno, kwani hurushiana neno kwa neno na hakuna anayemzidi mwenziwe. Lakini ndoa ikiisha kufungwa mambo yanageuka. Bwana anamnyima mkewe chakula kwa kisingizio kwamba nyama imeungua, anamnyima usingizi kwa kisingizio kwamba kitanda hakikutandikwa vema, anamlazimisha aliite jua mwezi. Na mwishowe, karamuni, Katherina anatoa hotuba ndefu ya kuwaasa wanawake wawatii waume zao. Wako wanaosema kwamba hotuba hiyo ni kejeli iliyositiriwa, na wako wanaosema kwamba ni kweli tupu. Mimi naona kwamba wenye njaa hawapaswi kuulizwa maoni yao juu ya mwenye chakula. Hata watu wa zama zile hawakuridhika wote, kwani John Fletcher, ambaye baadaye alishirikiana na Shakespeare mwenyewe katika utunzi, alitunga jibu liitwalo The Woman's Prize, ambamo Petruchio amefiwa na Katherina na kuoa mke wa pili, Maria. Na Maria anajifungia ndani usiku wa harusi asimfungulie mumewe mpaka masharti yatimizwe.

Miaka michache baada ya mchezo ule wa Padua, Shakespeare aliyarudia mashindano ya mahaba katika Much Ado About Nothing, iliyochapishwa mwaka 1600, na safari hii mizani imekaa sawa. Beatrice anakaa nyumbani kwa ami yake huko Messina. Benedick ni askari aliyerudi vitani. Wana ugomvi wa siku nyingi, na kila mmoja ameapa kwamba ndoa haimhusu. Hapana baina yao anayemtegemea mwenziwe kwa chakula wala kwa malazi. Rafiki zao wanafanya shauri: wakati Benedick amejificha bustanini akidhani haonekani, wanaume wanazungumza kwa sauti ya kusikika kwamba Beatrice anateketea kwa kumpenda, kisha wanawake wanamfanyia Beatrice vivyo hivyo. Uzuri wa hila hii ni kwamba haipandi chochote kipya katika nyoyo zao. Inampa kila mmoja ruhusa ya kushindwa pasipo kuaibika, kwa kuwa anaamini kwamba mwenziwe ametangulia kushindwa.

Halafu masihara yanakatika ghafula. Hero, binamu yake Beatrice, anasingiziwa uasherati na kufedheheshwa kanisani siku ya harusi yake na bwana harusi mwenyewe, Claudio. Muda mfupi baadaye Beatrice na Benedick wanakiriana mapenzi kwa mara ya kwanza, na Benedick, kwa furaha ya mtu aliyepata, anamwambia amwamuru lolote naye atalitenda. Beatrice anamwambia amwue Claudio. Claudio ni rafiki yake Benedick. Benedick anakataa papo hapo, Beatrice anataka kuondoka, anamzuia, naye Beatrice anasema kwa uchungu kwamba laiti angalikuwa mwanamume angalilitenda mwenyewe. Hapo mtazamaji anagundua kwamba usawa wa wapenzi hawa, uliomfurahisha muda wote, ulikuwa ni wa maneno tu: ulimi wa Beatrice wamshinda kila mwanamume wa Messina, lakini dunia haikumpa upanga. Benedick anakwenda kumtaka Claudio wapigane, na tangu dakika hiyo sisi twajua kwamba atakuwa mume mwema. Sijaona filamu ya mahaba iliyothubutu kumwuliza mpenzi swali zito kama hilo.

Msomaji wa Kiswahili, naamini, hahitaji kufundishwa utamu wa majibizano. Washairi wa Mombasa katika zama za Muyaka bin Haji walipigana kwa beti na mahasimu wao wa Lamu, na mwanamke wa pwani aliyeudhika hujua kuchagua leso ambayo jina lake litasema yale ambayo kinywa chake kimeyazuia. Kwa hiyo sikustaajabu kwamba, katika mwaka 2012, ukumbi wa Globe wa London ulipokusanya tamthilia za Shakespeare katika lugha mbalimbali za dunia, Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, ikachezwa kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa, na Mrisho Mpoto wa Tanzania akawa Falstaff, yule bwana mnene anayewatumia wake za watu wawili barua ya mapenzi moja neno kwa neno, wakamwadhibu ipasavyo. Lakini hao ni wanawake walioolewa, nami nazungumza juu ya wanaochumbiana. Na turejee kwao.

Sinema ilipokuwa bubu haikuweza kuubeba ushindani wa aina hii. Sauti ilipopatikana, mwaka 1927, Hollywood ilihitaji watu wa kutunga maneno, ikawaita waandishi wa tamthilia na wa magazeti kutoka New York na Chicago, nao wakaja na lugha ya haraka ya vyumba vya habari. Mwaka 1929 Mary Pickford na Douglas Fairbanks, waliokuwa mke na mume kwa kweli, walicheza kisa kile cha Padua. Na Pickford alipofika katika hotuba ya utii alimkonyeza Bianca, na kwa kope moja akaitangua hotuba nzima. Mwaka huohuo soko la hisa la New York liliporomoka. Watu waliopoteza kazi na nyumba walikuwa wakilipa senti zao kwenda kumwona binti wa tajiri akifunzwa adabu na mtu wa mshahara, na mtu wa mshahara naye akifunzwa adabu na binti huyo; na katika mwaka 1934 wakapata filamu iliyowatosheleza, It Happened One Night, ya mwongozaji Frank Capra.

Ellie Andrews, aliyechezwa na Claudette Colbert, amefunga ndoa bila ya radhi ya baba yake na bwana mmoja wa anasa. Baba amemzuia chomboni huko Florida. Yeye amejitosa baharini, akaogelea, akapanda basi la usiku kwenda New York. Ndani ya basi yumo Peter Warne, ambaye ni Clark Gable, mwandishi aliyetoka kufukuzwa kazi gazetini. Anamtambua, na wanafanya mapatano: atamfikisha, naye atampa habari ya kuandika. Mmoja ana nasaba na mwingine ana ujuzi wa njia, na kila mmoja amdhania mwenziwe kuwa mjinga.

Barabarani, walipokwisha kuachana na basi, Peter anatoa mhadhara juu ya kuomba msaada wa gari kwa kidole gumba. Ziko namna tatu, asema, na kila moja ina maana yake. Hata anafikiri kuandika kitabu. Anazijaribu zote tatu. Magari yanapita, moja nyuma ya jingine, mpaka msomi wetu anabaki akipunga mkono bila ya mpango. Ellie, aliyekuwa ameketi juu ya ua akimsikiliza, anashuka, anasogea ukingoni mwa barabara, anapandisha sketi yake juu kidogo ya goti kana kwamba anatengeneza soksi, na gari la kwanza linalotokea linafunga breki kwa ukelele. Sehemu hii imesifiwa na kila mtu. Mimi naipenda zaidi ile ya asubuhi katika kibanda cha wasafiri, wapelelezi wa baba wanapobisha hodi. Hapana pa kukimbilia. Peter anaanza kumfokea Ellie kama mume aliyechoshwa. Na Ellie, binti wa malaki ya dola ambaye hajawahi kugombana na mtu wa kumjibu, anadaka mchezo mara moja na kumrudishia makelele kwa sauti ya mke wa fundi bomba, machozi juu. Wapelelezi wanatahayari, wanaomba radhi, wanaondoka, kwa kuwa watu wanaogombana namna ile hawawezi kuwa ila mke na mume. Mlango ukiisha kufungwa, wawili hao wanacheka pamoja. Naona kwamba ndipo walipopendana, kabla wao wenyewe hawajajua: waligundua kwamba wanaweza kugombana kwa mwendo mmoja.

Usiku wanalala chumba kimoja, na baina ya vitanda vyao Peter amefunga kamba na kutandaza blanketi, akaliita kuta za Yeriko. Baba wa Ellie alikuwa ametangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata bintiye. Mwisho wa kisa Peter anakwenda kwa mzee huyo kudai dola 39 na senti 60 tu, gharama za safari, na mzee, ambaye anajua hesabu, anaelewa kwamba mtu huyu amempenda mwanawe. Filamu hiyo ilitwaa tuzo zote tano kubwa za Oscar, kitu ambacho hakikuwa kimetokea kabla yake.

Katikati ya mwaka huo wa 1934 kanuni za maadili za sinema, zilizoandikwa tangu 1930 lakini zikipuuzwa, zilianza kusimamiwa kwa ukali na ofisi iliyoongozwa na Joseph Breen, na filamu isiyokuwa na cheti chake haikuweza kuingia katika majumba makubwa. Hata mke na mume walilazwa katika vitanda viwili. Sisemi kwamba udhibiti ni neema, maana uliharibu kazi nyingi nzuri. Lakini kwa aina hii ya kichekesho ulitenda jambo ambalo wadhibiti hawakulikusudia, kwani hamu yote ambayo haikuruhusiwa kuonekana ilibidi isikike. Wapenzi walizungumza, na walizungumza upesi. Kadhalika watunzi waligundua mlango wa pembeni: mke na mume waliotalikiana waweza kutaniana na kukumbushana mambo ambayo wachumba hawawezi, maadamu walikwisha kuyahalalisha. Mwanafalsafa Stanley Cavell aliandika kitabu kizima, mwaka 1981, juu ya filamu hizi za watu wanaorudiana.

Iliyo bora miongoni mwazo kwa macho yangu ni His Girl Friday ya mwaka 1940. Asili yake ni tamthilia ya 1928, The Front Page, ya Ben Hecht na Charles MacArthur, juu ya mhariri mkorofi, Walter Burns, na mwandishi wake hodari, Hildy Johnson, anayetaka kuacha kazi ili aoe. Hildy huyo alikuwa mwanamume. Mwongozaji Howard Hawks, siku moja katibu wake aliposoma maneno ya Hildy, aliyasikia yakipendeza zaidi katika sauti ya mwanamke. Basi akamgeuza Hildy kuwa mtalaka wa Walter. Kwa badiliko hilo moja, kisa cha kazi kikawa kisa cha mahaba, na hakuna haja ya kuuliza kipi kimeishia wapi. Hildy, ambaye ni Rosalind Russell, anaingia ofisini kumwarifu Walter, ambaye ni Cary Grant, kwamba kesho anaolewa na Bruce, wakala wa bima kutoka Albany, mtu mpole anayebeba mwavuli. Anashindwa kulisema, kwa kuwa Walter hampi nafasi. Anamtupia mkoba, naye anauepa bila ya kukatiza sentensi yake. Hawks aliwataka wachezaji wadakizane, na sentensi zikatungwa ili mwanzo na mwisho wake vikifunikwa na sauti ya mwenzi maana isipotee. Russell alisimulia baadaye kwamba, alipoona Grant anazidishiwa maneno mazuri, alimwajiri kwa siri mtungaji wa matangazo amwongezee yake. Vita vya ndani ya filamu vilikuwa vikipiganwa hata nje yake.

Walakini nisiisifu kupita kiasi. Walter anamtega Bruce kwa hila moja baada ya nyingine, hata maskini huyo anatiwa korokoroni zaidi ya mara moja. Na mwishoni, Hildy amekwisha kulia na kukubali kumrudia, Walter anatoka mbele na kumwacha Hildy akiburura sanduku lake mwenyewe. Katika chumba cha habari wao ni sawasawa, na huenda Hildy amzidi. Katika kupita mlangoni hawako sawa. Hawks hakulificha hilo, wala hakulitolea maelezo, na watazamaji wa leo hugombana juu ya sanduku lile kama wanavyogombana juu ya hotuba ya Katherina.

Baadaye silaha zilibadilika. Katika Pillow Talk ya 1959, Doris Day na Rock Hudson wanashirikiana laini moja ya simu na kutukanana kwayo, nalo ni wazo zuri. Lakini mara bwana anajigeuza kuwa Mteksasi mstaarabu ili ampate bibi ambaye angemkataa kwa jina lake, na hapo tumeondoka katika majibizano tukaingia katika udanganyifu. Tangu kanuni zilipoondolewa mwaka 1968, hapakuwa na kitu cha kuwazuia wapenzi kukutana kimwili katika robo saa ya kwanza, basi watunzi walitafuta kizuizi kingine, na aghalabu walichokipata ni siri. Katika How to Lose a Guy in 10 Days ya 2003, Andie, mwandishi wa jarida, ametumwa amnase mwanamume kisha amkimbize kwa vitimbi katika siku 10. Ben, mtu wa matangazo ya biashara, amewekeana sharti na mkubwa wake wa kazi kwamba atamfanya mwanamke ampende katika siku hizohizo. Basi Andie anamjazia chooni mazagazaga yake, anamtuma kinywaji mchezo wa mpira wa kikapu unapofikia sekunde za mwisho, naye Ben anavumilia yote kwa tabasamu la mtu mwenye deni. Nilicheka, nakiri, lakini tazama kwamba kwa muda mrefu wa filamu hiyo wawili hawa hawajapata kuzungumza. Kila mmoja anaongea na mwanasesere aliyemchonga mwenyewe, na ugomvi wa kwanza wa kweli, siri zinapofichuka na wakaimbiana kwa ghadhabu mbele ya wageni, unakuja wakati filamu inakaribia kwisha.

Think Like a Man ya 2012, iliyotokana na kitabu cha nasaha cha Steve Harvey cha 2009, imelitambua tatizo hilo na nusura ilitibu. Wanawake kadhaa wa Los Angeles wanakisoma kitabu na kuwawekea wanaume masharti yake, lile la kusubiri siku 90 likiwa maarufu kuliko yote. Wanaume wanakigundua, wanakinunua kwa siri, nao wanaanza kujibu kila hatua. Kwa hiyo silaha ni sawa tena, hata zimetoka katika duka moja. Kilichokosekana ni kwamba maneno wanayopigania si yao. Beatrice hakuazima ulimi kwa mtu, na hata Rosalind Russell, aliyeununua, aliununua kwa fedha yake na kwa kipimo chake.

Atakayetaka kuhakikisha niliyoyasema asianze na hizi za karibuni. Aanze na His Girl Friday, ambayo hakimiliki yake huko Marekani haikuhuishwa ilipokwisha muda, hata leo yapatikana bure katika intaneti. Ni ya dakika 92, nayo yataka kutazamwa mara mbili, kwani mara ya kwanza nusu ya maneno yatampita.